Mteja Akitaka Umfanyie ya Kwanza Bure: Njia Nne, na Ipi ya Kushika Lini

Ujumbe wenyewe mnaujua. "Habari kaka, kazi zako nimeziona, nimezipenda. Sasa nifanyie moja niione, tukielewana kazi zipo nyingi tu." Bei haijatajwa, tarehe haijatajwa, na hiyo "moja" hujui kama ni kipeperushi cha ukurasa mmoja au katalogi nzima. Anayechora nembo Mtwara mjini anaupata, anayefasiri nyaraka Lindi anaupata, mpiga picha wa Masasi anaupata, na yule dada anayewanukulia watafiti mahojiano ya Kimakonde anaupata kuliko wote.

Una majira yake pia. Julai ikiingia, kila mwenye banda la Nane Nane pale Ngongo, Lindi, anataka bango, fulana na vipeperushi, na wote wanaandika "tufanyie tuone". Oktoba minada ya korosho ikianza, pesa inaingia mikoani na wenye biashara wanakumbuka kwamba duka halina nembo. Ndiyo miezi ya kazi, na ndiyo miezi ya kufanyishwa kazi bure. Mtu aliyekaa bila kazi ya maana tangu Machi, ujumbe kama huo unamkuta pabaya.

Ninazolinganisha hapa ni njia nne: kuifanya yote bure, kuifanya bure lakini kwa mipaka, kuacha jaribio na kuonyesha kazi za nyuma, au kuomba jaribio lenyewe lilipiwe. Anayekwambia "usifanye bure hata siku moja" huenda ana wateja wa kumtosha. Wengine tunapaswa kuchagua kila ujumbe unapoingia.

Swali la kutangulia bei

Wengi wanaanza kwa kupima ukubwa: ni ndogo, nitafanya, ni kubwa, sifanyi. Kipimo hicho kinadanganya. Nembo inaweza kuchorwa alasiri moja ikakaa kwenye gari, bango na pakiti kwa miaka kumi. Mimi natumia swali jingine: nikimkabidhi kitu hiki leo, kesho anaweza kukitumia bila mimi? Kama anaweza, hiyo ni kazi, hata akiiita jaribio. Kama hawezi kukifanyia lolote zaidi ya kukitazama na kuamua, basi hilo ni jaribio kweli.

Chukua kikundi cha wabanguaji korosho kinachotaka lebo ya pakiti ya gramu 250. Wakitaka jaribio lenye jina lao, namba zao za simu, uzito, sehemu ya tarehe na ile mistari ya kusomwa na mashine, vyote vimepangwa kwa vipimo vya pakiti yao, ukishawatumia faili kazi imekwisha. Kilichobaki ni wao kulipeleka kwa mchapaji. Sasa watengenezee lebo ya korosho za jina la kubuni, tena za pilipili ambazo wao hawauzi. Wataona unavyopanga maandishi, unavyochagua rangi, na kama unajua kuacha nafasi ya alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango, bila kuibandika kabla hawajapewa leseni ya kuitumia. Uwezo wako wameuona wote, na hawana cha kupeleka kwa mchapaji. Muda uliotumia ni uleule.

Tuwatendee haki wateja lakini. Hofu yao si ya kubuni. Hakuna anayependa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na wapo waliompa kianzio fundi wa matangazo, simu ikazimwa, Nane Nane ikapita banda likiwa tupu. Siku hizi mtu anaweza kukutumia picha kumi za kazi nzuri alizozichota mtandaoni akasema ni zake. Mteja anayetaka uthibitisho si mwizi. Mjadala ni nani anagharamia uthibitisho huo.

Kuifanya yote bure

Njia hii nitaipita haraka, kwa sababu hesabu yake inajieleza. Tuseme nembo unaitoza shilingi 80,000 na inakuchukua siku mbili pamoja na marekebisho. Katika mwezi ukafanya majaribio manne kamili, na mmoja kati ya hao wanne akakupa kazi. Siku nane za majaribio, siku mbili za kazi yenyewe: ile 80,000 sasa inagawanywa kwa siku kumi. Umefanya kazi kwa 8,000 kwa siku, kabla ya bando na umeme, wakati bei yako ya kweli ni 40,000 kwa siku. Na huyo mmoja kati ya wanne ni makadirio ya huruma.

Hasara ya pili haionekani kwenye hesabu. Aliyepata ya kwanza bure ameshajifunza bei yako, nayo ni sifuri. Ukija kumtajia 80,000 anaona umepandisha.

Kuna kazi za bure nisizozihesabu hapa: msikiti wa mtaani, timu ya kata, shule uliyosoma. Hizo umechagua mwenyewe, hakuna anayekupima. Zifanye kwa moyo mweupe, ila waandikie ankara yenye bei kamili na chini yake punguzo la asilimia 100. Siku mjumbe wa kamati akitaka bango la duka lake, atakuwa ameshaona bango linauzwa shilingi ngapi.

Bure, lakini kwa mipaka

Hapa ndipo wengi wetu tunaishi, na ndipo pana mambo mengi ya kuangalia, kwa kuwa mipaka ya fani moja haifai fani nyingine.

Kwa wafasiri, kampuni nyingi za nje zina jaribio lao, na mara nyingi ni maneno 200 hadi 300. Huo ni ukurasa mmoja au pungufu, na kwa mteja anayeweza kukupa kazi mwaka mzima si mbaya. Unachopaswa kukijua ni ule mchezo wa kukata hati. Mtu ana hati ya maneno 6,000. Anatangaza kazi, wanajitokeza wafasiri ishirini, kila mmoja anapewa kipande chake cha maneno 300. Jioni hati yote imefasiriwa na hakuna aliyelipwa. Dalili zake zinaonekana ukitulia: kipande kinaanzia katikati ya habari, kina jina la mradi wa kweli, na kinatakiwa kesho saa nne asubuhi. Jaribio la haki halina haraka hiyo, na watu wote wanapewa kifungu kilekile, kwa sababu bila hivyo atawalinganishaje? Ukiwa na mwenzako aliyeomba kazi hiyohiyo, mwulize amepewa nini. Mkikuta vipande vinafuatana, mmeshapata jibu.

Unukuzi wa mahojiano ndio unaoibiwa zaidi, na sababu ni kwamba wanaoomba hawajui kazi yake. Saa moja ya sauti safi inamchukua aliyezoea kama saa nne. Hapo ni mtu mmoja anaongea, chumba kimetulia. Mjadala wa wakulima wanane chini ya mkorosho, jogoo anawika, wanachanganya Kimakonde na Kiswahili, unachukua zaidi. Kwa hiyo akikwambia "nukuu dakika ishirini tu za majaribio", anakuomba zaidi ya saa nzima ikiwa sauti ni safi, na nusu siku ikiwa ni hiyo ya chini ya mkorosho. Mpe dakika tatu. Tena mwambie achague mwenyewe zile mbaya kuliko zote, watu wanapoongea kwa pamoja. Dakika tatu za namna hiyo zinamwonyesha kama unaweza kazi kuliko dakika ishirini za mtu mmoja anayejibu taratibu.

Mpiga picha mipaka yake ni saa na barabara. Robo saa kwenye mgahawa ulio mtaani kwako, picha tano ndogo za kutazama kwenye simu, sawa. Lakini Mtwara hadi Lindi ni kama kilomita 100, na anayekuita "uje tu ujaribu" upande wa pili akulipie nauli na chakula hata kama picha zenyewe ni za bure. Mteja asiyeweza kutoa nauli ya basi hatatoa bei ya picha. Mwenye kutengeneza tovuti ana nafuu: unaiweka kwenye anwani yako, anapewa kiungo cha kutazama, faili zinabaki kwako mpaka alipe.

Wachoraji na wabunifu ndio wanaojiamini kupita kiasi. Wanatuma picha ya ubora mdogo yenye jina lao pembeni wanadhani wamejikinga. Jina la pembeni linakatwa na mtu yeyote mwenye simu. Likipitishwa katikati kwa mshazari, afadhali, faili halitachapika vizuri. Ila nembo haiibiwi kwa faili. Nembo inaibiwa kwa macho: mteja anaitazama, anaipeleka kwa kijana mwingine, anamwambia "nichoree kama hii, ila samaki aangalie kulia". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki inalinda kazi iliyoundwa, na ulinzi unaanza pale unapoiunda hata kama hujaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, lakini wazo tupu hailindi. Ndiyo maana kwa nembo, kaulimbiu, jina la bidhaa na kitu chochote ambacho wazo ndilo kila kitu, njia hii ya pili siishauri hata kidogo. Kwa kupanga kitabu, kufasiri, kuhariri video, ambako jasho liko kwenye utekelezaji, inafaa.

Mpaka mmoja unafaa fani zote: jaribio moja, toleo moja. Ukikubali "hebu badilisha rangi tuone", tayari uko kazini. Marekebisho ni sehemu ya kazi inayolipwa, na mwambie hivyo kabla hujatuma la kwanza.

Kuonyesha kazi za nyuma

Unaitengeneza mara moja, inakufanyia kazi mwaka mzima. Ndiyo maana kwa gharama haina mshindani. Watu wanailalamikia kwa sababu mbili: mmoja hana kazi za kuonyesha, mwingine anazo ila ni siri za wateja.

Asiye nazo azibuni. Ichoree nembo nyumba ya wageni ya Mikindani ambayo haipo. Tengeneza bango la ratiba la boti za kuvuka kwenda Kitunda. Panga menyu ya mgahawa wa pweza. Andika wazi chini yake kwamba ni kazi ya mazoezi, usiseme uongo kwamba ulilipwa, maana mji huu mtu atakwenda kuuliza. Kazi tatu za namna hiyo zikiwa zimetulia zinatosha kuanza nazo. Na tazama tofauti: ungezifanya bure kwa watu watatu, kila mmoja angezichukua. Ukizibuni, ni zako, na unamwonyesha kila anayekuja.

Mfasiri anayefunikwa na usiri achukue maandishi ambayo yako wazi kwa umma, afasiri ukurasa mmoja, aweke asili kushoto na tafsiri kulia. Awe na mbili au tatu za aina tofauti, afya, kilimo, mkataba. Mteja akiuliza "umewahi kufanya za kilimo?" anapewa ya kilimo. Wengi wa wanaotaka jaribio wanatulia hapo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba mteja hatazami picha peke yake. Anataka kujua kama kazi ilifika mwisho. Picha ya bango likiwa limening'inia barabarani inamshawishi kuliko bango lilelile likiwa kwenye kompyuta, na namba ya simu ya mteja wa zamani, kwa ruhusa yake, ni nzito kuliko vyote. Mtwara na Lindi watu bado wanapiga simu kuulizana. "Yule kijana alikufanyia vizuri? Hakukusumbua?" Jibu la hapo linamaliza habari ya jaribio.

Na usitegemee stetasi ya WhatsApp kuwa ghala lako, baada ya saa 24 haipo. Weka kwenye katalogi ya WhatsApp Business, au faili moja la PDF jepesi. Mteja mwenye bando la siku hatalifungua faili kubwa.

Inakwama wapi? Kwa anayehitaji kusikia kitu ambacho hakipo kwenye ghala. Anayetafuta sauti ya tangazo la redio lazima aisikie sauti ikisoma maneno ya namna ile. Na kampuni ya nje yenye utaratibu wake wa jaribio haitaubadilisha kwa ajili yako. Unafanya au unaacha.

Jaribio la kulipwa

Hii ndiyo ninayoipigia debe, ingawa wengi wanaiogopa wakidhani mteja atakasirika. Unakata kipande kidogo cha kazi yenyewe, unakitoza bei ya kawaida. Kitabu cha mwongozo kina kurasa arobaini? Tupange mbili. Tafsiri ni maneno 20,000? Tuanze na 500. Akipenda tunaendelea, asipopenda ameshika kipande chake, nami nimeshika changu, hakuna anayemdai mwenzake.

Usikitoze nusu bei. Nusu bei ya jaribio inageuka bei ya kazi, mteja atakukumbusha. Kama unataka kumpa moyo, mwambie ukiendelea na kazi yote, pesa ya jaribio itakatwa kwenye jumla. Kwake inakuwa kianzio, kwako hujapoteza kitu, na bei ya ukurasa imebaki palepale.

Faida yake nyingine haisemwi sana: unampima na wewe. Shilingi 20,000 ikitumwa kwa simu jioni ileile, umejifunza jambo. Ikichukua wiki mbili kwa sababu "mhasibu kasafiri", umejifunza jambo kubwa zaidi, tena kwa bei nafuu. Unagundua pia nani anaamua. Kuna kazi unapewa na ofisa wa Mtwara, kumbe bosi yuko Dar es Salaam, ana mke mwenye maoni kuhusu rangi, na kila mmoja ana marekebisho yake. Bora ulijue hilo kwenye kurasa mbili kuliko kwenye arobaini. Na kwa upande wa mteja, mkono mtupu haulambwi: anayelipwa hata kidogo anarudisha kazi kwa wakati, wakati ya bure inasubiri mpaka za kulipwa ziishe.

Kampuni zina makaratasi yao. Zitataka TIN, yaani namba ya mlipakodi, na ankara, na kwa malipo ya huduma zitakata kodi ya zuio ya asilimia 5, inayopelekwa serikalini kwa niaba yako. Dai cheti chake, usiache. Kwa shilingi 20,000 mzunguko huo ni mrefu kuliko kazi, kwa hiyo kwa kampuni usiite "jaribio". Iandike kwenye ankara kama awamu ya kwanza, kipande kikubwa kidogo chenye maana kwa mhasibu, na sehemu ya kusitisha baada yake. Ofisi za umma ni habari nyingine, ununuzi wao unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Ofisa anayekwambia pembeni "tengeneza tuone halafu tutaangalia" hana ununuzi wowote mkononi mpaka uone andiko.

Na si ya kila mtu. Mama anayetaka bango la 15,000 la kibanda cha chipsi, ukianza kumweleza jaribio la kulipwa unamchosha bure. Chukua nusu kama kianzio, mfanyie, mpe marekebisho mara mbili, yaishe.

Zikiwekwa pamoja

| | Yote bure | Bure kwa mipaka | Kazi za nyuma | Jaribio la kulipwa |
|---|---|---|---|---|
| Muda wako | mwingi, kila mteja | saa moja au mbili | mwanzoni tu | unalipiwa |
| Mteja anabaki na nini | kazi kamili | kitu cha kutazama | hana kitu | kipande alichokilipia |
| Hatari ya kuchukuliwa | kubwa | ndogo, ila kwa nembo ni kubwa | ndogo | ndogo |
| Inamtoa hofu mteja | sana | vizuri | inategemea ghala lako | sana |
| Inakuonyesha tabia ya mteja | kwa kuchelewa | kidogo | hapana | mapema |
| Inamfaa nani | hisani uliyoichagua | mfasiri, mnukuu, mhariri wa video | mbunifu, mpiga picha | kazi kubwa, kazi ndefu |

Jedwali linaficha kitu kimoja, nacho ni huyo mteja anakaa wapi.

Wa hapa na wa mbali

Mteja wa mjini ana duka, ana ndugu, mtakutana kwenye msiba. Akikudhulumu una pa kwenda, na yeye anajua. Lakini ukimkataa vibaya, habari inatangulia: "yule siku hizi anajiona." Kwa huyu unakataa kwa kutoa kitu kingine mkononi, yaani kazi za nyuma, au unakwenda dukani kwake na simu mkaangalia pamoja. Nusu saa ya kukaa naye kwenye benchi mara nyingi inatosha, maana alichokuwa anakitafuta ni kukujua wewe.

Mteja wa mbali hana sura. Hapo kanuni ndizo zinakulinda. Upwork, kwa mfano, jukwaa la kutafutia kazi mtandaoni, inakataza wateja kuomba kazi za bure, kwa hiyo ukikataa humkosei mtu, unamkumbusha kanuni alizozikubali, na unaweza kumripoti. Jaribio lifanyike ndani ya mkataba wa jukwaa, pesa ikiwa imeshawekwa kabla hujaanza. Anayekuvuta mtoke nje ya jukwaa ili "tumalizane haraka" amekuonyesha njia ya kukimbilia.

Kuna kundi la tatu ambalo halistahili hata kulinganishwa: wale wa WhatsApp na Telegram wanaokutaka *wewe* utume 10,000 ya kufanyia jaribio, au ada ya usajili, au pesa ya kufungulia akaunti. Huo ni utapeli. Zuia namba, endelea na mambo yako.

Na kundi la nne ni la hapahapa. "Njoo dukani wiki moja tukuone, saa mbili hadi saa kumi." Hilo halihusiani tena na kujiajiri. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inataja mambo yanayomfanya mtu ahesabiwe kuwa mwajiriwa, na mojawapo ni saa zake za kazi kupangwa na mwenye kazi. Ukiwa kwenye majaribio ya ajira, mshahara unakwenda. Siku moja ya kutazamana, sawa. Wiki nzima ya kuchapa, kulaminisha na kufunga duka, hapana.

Namna ya kuandika

Kukataa kwa maandishi kunatisha zaidi ya kukataa kwenyewe, hasa mteja akiwa mkubwa kwako. Kwa mzee mwenye biashara mjini naona hivi panatosha:

"Shikamoo mzee. Nashukuru kwa kunifikiria. Nimekutumia hapo kazi tatu zinazofanana na unayoitaka, ya kwanza bango lake liko njia ya kwenda bandarini, ukipita utaliona. Kwa yako, bei ni 80,000, naanza kwa kianzio cha 40,000, na marekebisho mara mbili yamo humo humo. Kesho nitakuwa maeneo ya sokoni, nikipata nafasi nipite dukani tuongee?"

Halikutamkwa neno "sifanyi bure" hata mara moja. Bei imetajwa, kazi ya kwenda kuiona kwa macho ipo, na mlango haujafungwa.

Kwa ofisa wa mradi, ambaye kwa kawaida anaheshimu utaratibu kuliko urafiki:

"Habari za kazi. Nimepokea faili la sauti la dakika 20. Naomba tuanze na dakika 3 bila malipo, mchague nyinyi sehemu ngumu zaidi, nitarudisha kesho jioni. Mkipenda tuanze na dakika zote 20, nitazitoza bei ileile ya mradi na mtazipokea zikiwa tayari kutumika. Nasubiri mnielekeze."

Hapo umempa njia mbili, zote unazimudu. Akijibu kwamba anataka zote ishirini bure au basi, mwache aende. Ana watu wengine ishirini wa kuwaandikia.

Mazungumzo ya bei yaweke kwenye maandishi hata kama mlielewana kwa simu, mwandikie baada ya kukata, "kama tulivyoongea, ni hivi na hivi." Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaukubali ujumbe wa namna hiyo kuwa ushahidi. Ukija kukuta jaribio lako limechapwa kwenye fulana, huna haja ya kupiga kelele kwenye makundi. Piga picha fulana, chukua ujumbe uliotumia faili ukiwa na tarehe yake, ambatisha ankara ya bei kamili, mpelekee. Wengine wanalipa hapohapo kwa aibu. Na akilipa, iwe ni kwa fulana hizo au kwa jaribio ulilomwomba alilipie tangu mwanzo, mwandikie risiti siku ileile, uitaje bei kwa ukurasa au kwa dakika. Karatasi hiyo ndiyo utakayoiambatisha utakapomtumia bei ya kazi kubwa.